Ng'ombe wa Maziwa Hupimwa kwa Uzao Wake



Huku kwetu Kasulo, katika wilaya ya Ngara, mtu akitaka kununua ng'ombe wa maziwa hujitayarisha muda mrefu. Huweka fedha ya kahawa, au ya maharage, au ya ndizi, mwaka baada ya mwaka, na wako wanaouza mbuzi wote zizini au kukopa kwa jamaa, ili wapate ng'ombe mmoja tu wa kuwanywesha watoto na kuwalipia ada. Na mtu huyu afikapo kwa mwenye ng'ombe, swali lake la kwanza na la mwisho aghalabu ni moja: hutoa lita ngapi kwa siku?

Swali hilo si baya, walakini ni nusu ya swali. Nusu iliyobaki ndiyo yenye kuijenga nyumba au kuibomoa, nayo ni hii: ng'ombe huyu akisha kuzaa, hukaa muda gani hata ashike mimba nyingine? Maana ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe. Hutoa kwa kuwa amezaa. Qur'ani Tukufu, katika sura ya An-Nahl, inatutaka tuzingatie jinsi Mwenyezi Mungu anavyotutolea maziwa safi kutoka matumboni mwa wanyama, kati ya mavi na damu. Basi nasi tuzingatie na mlango ambao neema hiyo hupitia, nao ni uzazi. Mlango huo ukifungwa, kiwele hukauka, na mwenye ng'ombe hubaki na mnyama alaye bila ya kutoa.

HESABU YA MIAKA MITANO

Tutoe mfano wa hesabu, na vijana waliosoma wauhakikishe. Tuseme wako ng'ombe wawili. Wa kwanza hukamwa lita 10 kwa siku muda wa miezi 10, jumla lita 3,000. Hakushika mimba mapema, kwa hiyo aliendelea kukamwa lita 3 kwa siku muda wa miezi 6 mingine, jumla lita 540, kisha akakaushwa, akazaa tena mwezi wa 20. Katika miaka 5 huyu atazaa mara 3, na maziwa yake yote yatakuwa lita 10,620.

Wa pili hukamwa lita 7 tu kwa siku muda wa miezi 10, jumla lita 2,100. Hupumzishwa miezi 2, na kila mwaka huzaa. Katika miaka 5 atazaa mara 5, na maziwa yake ni lita 10,500.

Tazameni, ndugu zetu. Sokoni huyu wa kwanza angesifiwa sana na wa pili angedharauliwa, na kumbe katika miaka mitano tofauti ya maziwa yao ni lita 120 tu. Lakini wa pili ameleta ndama 5, na mwenziwe ndama 3. Tena, anayetoa kidogo kwa siku hudai chakula kidogo kwa siku, na maziwa yake hayapotei nyumbani kwa miezi mingi mfululizo, khasa miezi ile ambayo mtoto mchanga au mgonjwa huyahitaji.

AINA ZA NG'OMBE NA TABIA ZAO

Ng'ombe wote si sawa katika jambo hili, na yatupasa tuzijue aina zao.

Wako kwanza ng'ombe wetu wa asili. Huku Ngara na Biharamulo, kama ilivyo Karagwe na nchi jirani za Rwanda na Burundi, tunao Ankole wenye pembe ndefu, ambao kule Rwanda wale waliochaguliwa kwa uzuri na kufugwa kwa ajili ya wafalme huitwa Inyambo. Tena wako zebu wenye nundu na pembe fupi, walioenea karibu Tanzania nzima. Ng'ombe hawa wa asili huvumilia jua, njaa ya kiangazi na kupe kuliko wageni. Walakini maziwa yao ni kidogo: kwa malisho ya kawaida, ndama akisha kupata fungu lake, lita 1 hadi 2 kwa siku, ingawa ni maziwa mazito yenye mafuta mengi. Mtamba wao huchelewa kuzaa, mara nyingi miaka mitatu na nusu hadi minne au zaidi, na baina ya ndama mmoja na mwingine hupita aghalabu miezi 18 hadi 24.

Wako pili wageni kutoka Ulaya: Friesian, asili yao Uholanzi, Ayrshire wa Scotland, na Jersey wa kisiwa cha jina hilo baina ya Uingereza na Ufaransa. Friesian aliyelishwa na kutunzwa sawasawa hutoa lita 15 hadi 20 kwa siku na kupita. Jersey ni mdogo wa mwili, hutoa kidogo kuliko huyo, lakini maziwa yake yana mafuta mengi zaidi na chakula chake ni kichache. Mtamba wa kigeni mwenye matunzo mema huweza kuzaa akiwa na miaka miwili na nusu. Lakini maneno haya "aliyelishwa na kutunzwa sawasawa" ndiyo kufuli ya mlango. Akikosa matunzo hayo, huugua upesi ndigana kali iletwayo na kupe, na katika mapori yenye mbung'o, kama yale ya upande wa Biharamulo, huwa katika khatari ya nagana. Na hata akiwa mzima wa afya, huchelewa kushika mimba.

Wa tatu ni machotara, yaani waliozaliwa na mama wa asili na mbegu ya dume la kigeni. Hawa kwa mkulima mdogo hutoa kadiri ya lita 6 hadi 10 kwa siku, na huchukua kitu kutoka kila upande: maziwa kwa baba, na uvumilivu kwa mama.

KWA NINI WENGINE HUCHELEWA?

Ng'ombe akisha kuzaa, mji wake wa mimba huwa umepanuka na kuchoka. Unahitaji kadiri ya wiki 4 hadi 6 kurudi katika hali yake. Baada ya hapo hutazamiwa aingie katika joto, yaani atake dume, na joto hilo hurudi kila siku 21 mpaka ashike mimba. Sasa kila aina ina kizuizi chake.

Kizuizi cha Friesian ni maziwa yake mwenyewe. Maziwa hupanda hadi kilele baina ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa, lakini hamu yake ya kula huchelewa kufika kilele. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza hutoa zaidi ya anavyokula, na pengo hilo hulijaza kwa nyama na mafuta ya mwili wake. Ndipo mnaona mbavu na mifupa ya nyonga imetokeza, huku mwenyewe anajisifu kwa ndoo zilizojaa. Mwili uliopungukiwa hivyo haukubali kubeba mzigo wa mimba, na joto hukawia kuja au huja hafifu lisionekane. Na kadiri ng'ombe alivyoumbwa kutoa maziwa mengi, ndivyo pengo hilo linavyokuwa kubwa pale chakula kinapokosekana.

Kizuizi cha ng'ombe wa asili ni njaa ya kiangazi pamoja na ndama. Ndama anyonyapo mchana na usiku, mwili wa mama huzuiliwa kurudi katika joto. Tena wengi wao hawashuki maziwa mpaka ndama awepo, hata ndama akifa maziwa nayo hukatika. Na joto la zebu ni fupi, takriban saa 10, na mara nyingi huja usiku watu wamelala. Mwenye kutegemea mrija wa mbegu atalikosa, ijapokuwa dume lililo zizini halilikosi.

NUSU KWA NUSU, NA BAADA YAKE

Mtu aweza kusema: kama chotara wa nusu ni mwema, basi tumpandishie tena Friesian, tupate robo tatu, kisha tuendelee hata tumpate Friesian mtupu. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Cunningham na Syrstad, waliliandikia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa khabari za machotara wa maziwa katika nchi za joto, wakikusanya matokeo ya sehemu nyingi za dunia. Waliona kwamba kadiri damu ya kigeni inavyoongezeka kutoka sifuri hadi nusu, karibu kila jambo hutengenea: maziwa huongezeka, mtamba huzaa mapema, na muda baina ya ndama na ndama hufupika. Ikipita nusu, faida ile haiendelei kwa uhakika, na muda baina ya ndama na ndama huanza kurefuka tena kidogo. Kadhalika waliona kwamba machotara wa nusu wakipandana wao kwa wao, uzao wao hushuka usifike daraja ya wazazi.

Mtu mwenye shamba kubwa la majani, maji ya bomba, na bwana mifugo karibu, hapana ubaya akisogea mbele ya nusu. Lakini nyumba yenye eka moja ya mabingobingo na mtoto wa kuchota maji mbali, nusu yawatosha; na wakitaka kuzidisha, wazidishe kwanza majani, kisha damu.

Kwa ajili ya shida hiyo ya kulinda kizazi cha machotara, wataalamu wa Mpwapwa, katikati ya nchi yetu, walitengeneza aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wa kwetu na Boran, na Sahiwal na Sindhi wa Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Ulaya. Kusudi lao lilikuwa mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Na kwa wanaotaka mbegu zilizochaguliwa, kiko Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji huko Usa River, Arusha, ambacho mbegu zake hutumiwa na wataalamu wa mifugo wa mikoani. Mwenye ng'ombe asikubali "mbegu yoyote". Aulize ni ya aina gani, na ya dume lipi. Kumpandishia mtamba mdogo wa asili mbegu ya dume kubwa ni kumtafutia taabu ya kuzaa, na huenda ukapoteza mama na ndama pamoja.

SIKU 85

Mwaka una siku 365. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, na kwa zebu huzidi kidogo. Ukitoa, zinabaki siku 85. Basi mwenye kutaka ndama kila mwaka hana budi ng'ombe wake ashike mimba kabla ya siku hizo kwisha, na wiki 6 za mwanzo ni za kupumzika. Nafasi iliyobaki ni joto 2, ama likitangulia moja mapema, 3. Si nafasi kubwa. Ndiyo sababu twasema kwamba aina ya ng'ombe ni mwanzo tu wa khabari. Mengi yaliyobaki yako mikononi mwa wenye nyumba.

La kwanza ni chakula cha miezi miwili kabla ya kuzaa na miezi mitatu baada yake. Ng'ombe akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa, azae akiwa na mwili, asizae akiwa mifupa. Baada ya kuzaa apewe majani mabichi yaliyokatwa kabla hayajakomaa, na majani ya jamii ya kunde kama lukina na desmodium, na pumba, na chumvi ya madini ya kulamba. Migomba tunayowakatia kiangazi ina maji mengi na nguvu kidogo; humzuilia njaa lakini haimrudishii mwili. Na maji ayapate wakati wote, kwa kuwa katika kila sehemu 100 za maziwa, karibu 87 ni maji.

La pili ni macho. Ng'ombe katika joto hulia, hana utulivu, hupanda wenziwe, hutokwa na ute mweupe kama wa yai, na dalili kubwa ni kusimama kimya akipandwa na mwingine. Atazamwe alfajiri na jioni, na kabla ya kulala. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku ile. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi ya pili. Katika nyumba nyingi aonaye mambo haya ni mama au binti akataye majani. Lakini mwenye fedha ya kumwita mtaalamu ni baba, naye akichelewa siku moja, siku 21 zimekwenda. Mabwana wawasikilize wake zao katika neno hili.

La tatu ni daftari. Mtoto asomaye aandike tarehe ya kuzaa, tarehe za joto, tarehe ya kupandishwa na mbegu iliyotumika. Qur'ani imetufundisha kuandika madeni ya muda ili isitokee shaka. Nasi tukiandika khabari za ng'ombe wetu, tutapata faida ya namna ile ile. Siku 21 baada ya kupandishwa atazamwe tena. Akipandishwa mara 3 asishike, aitwe bwana mifugo amchunguze, maana huenda ana ugonjwa wa kizazi, au ule wa kutupa mimba, ambao humpata na binadamu anywaye maziwa yasiyochemshwa.

La nne ni haki ya ndama. Imepokewa kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alimwagiza aliyekuwa akikama asikimalize kiwele, aache maziwa yenye kuyavuta mengine. Leo wataalamu nao husifu njia ya kumnyonyesha ndama kwa nyakati: hakai na mama mchana kutwa, bali huletwa wakati wa kukama, kisha huachiwa yaliyobaki. Kwa njia hiyo ndama hushiba, kiwele husalimika, na mama hurudi katika joto mapema kuliko yule anyonywaye usiku na mchana. Ndama jike aliyenyimwa maziwa leo ni mtamba atakayechelewa kuzaa kesho.

KUUZIANA KWA UKWELI

Limebaki neno ambalo kwetu sisi Waislamu ni zito. Wako wauzaji wanaoacha kumkama ng'ombe siku nzima na usiku wake ili kiwele kijae, mnunuzi akione akidhani ndiyo kawaida yake. Hila hii ni ya kale. Bwana Mtume (s.a.w.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo kwa ajili hiyo, na akampa aliyedanganywa hiari, baada ya kumkama, ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende, na katika mapokezi mengine hiari hiyo ni ya siku tatu. Wanazuoni wengi wamemtia ng'ombe katika hukumu hiyo.

Basi na mwenye kuficha kwamba ng'ombe wake hajashika mimba mwaka wa pili huu, akasifu lita tu, naye ajiulize yuko upande gani. Kiwele kilichojazwa kwa hila hufichuka kwa siku tatu, lakini ugumba hufichuka baada ya mwaka, fedha imekwisha liwa na muuzaji hayuko. Kwa hiyo mnunuzi aulize: alizaa lini mara ya mwisho, na kabla ya hapo lini? Alipandishwa lini, kwa mbegu gani? Ndama zake wako wapi? Amkame mwenyewe, jioni na asubuhi. Na muuzaji ajibu kama atakavyojibu mbele ya Mola wake.

Jambo hili huku mpakani lina uzito wake. Mwaka 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu kadiri ya 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja, wakatua Benaco hapa Kasulo. Miti mingi ikakatwa kwa kuni na majenzi. Wale wengi walirudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Tangu hapo makazi na mashamba yetu yameongezeka, na siku za kuachia ng'ombe wengi porini zinapita. Ng'ombe wachache bandani, wenye kuzaa kwa wakati, ndio watakaozifaa nyumba zetu.

Ng'ambo ya daraja hilo hilo, serikali ya Rwanda ilianzisha mwaka 2006 mpango uitwao Girinka, wa kuipa kila nyumba maskini ng'ombe mmoja, na aliyepewa humpa jirani ndama jike wa kwanza. Na Tanzania nayo mpango wa namna hiyo umejulikana kwa jina la kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Tuufikiri mpango kama huu: ng'ombe aliyekawia kushika mimba hamkawishi mwenyewe tu, bali humkawisha na jirani maskini aliyengojea zamu yake. Mwaka mmoja uliopotea kwa uzembe wetu ni mwaka wa mtoto wa mwingine kunywa chai kavu.

Basi, ndugu zetu, mtu atakapowaambia tena kwamba ana ng'ombe wa lita 20, mpongezeni, kisha mwulizeni: ndama wake ana umri gani, na mama yake ana mimba ya miezi mingapi?

Wabillahi tawfiq.